Handiboli ya ukutani si raketiboli iliyokosa raketi

Wengi hudhani handiboli ya ukutani (ya kupiga mpira ukutani kwa mkono, siyo ile ya magoli) ni raketiboli, mchezo wa kuupiga mpira ukutani kwa raketi, bila raketi yenyewe, kwamba anayeumudu mchezo mmoja ameumudu na wa pili. Kinachowadanganya ni uwanja: chumba kilekile cha kuta nne, upana futi 20, urefu futi 40. Na kweli, Joe Sobek alipobuni raketiboli mwaka 1950 huko Connecticut, Marekani, viwanja vya handiboli vilikuwepo tayari, mchezo wake ukaenea humohumo.

Lakini mtazame mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Kwenye raketiboli, mpira ukimjia kushoto anageuza kiwiliwili na kuupiga kwa raketi ileile. Mkono wa kushoto hauna kazi hapo. Kwenye handiboli ujanja huo haumfikishi mbali. Kushoto nako lazima kupige kwa nguvu na shabaha, na hapo ndipo wengi hukwama kwa miaka. Mpira wenyewe ni mdogo lakini mzito, gramu 65 hivi dhidi ya 40 za raketiboli, tena mgumu. Glavu huvaliwa, na bado viganja vya mgeni huvimba. Kwangu mimi, handiboli ndiyo ngumu zaidi kujifunza, ingawa mpira wa raketiboli huenda kasi zaidi.