Njiti wa miezi sita hana miezi sita

Kina mama wa Kigoma wanaoniletea njiti, watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa mazoezi ya viungo huja na ulinganisho tayari: wa jirani kule Mwanga, waliozaliwa wiki moja, anakaa, wangu hata shingo haijakaza. Naanza na hesabu. Mimba ni wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 30 ametangulia wiki 10, kwa hiyo akifikisha wiki 26, yaani miezi sita, namhesabia 16. Twende hivyo mpaka miaka miwili. (Chanjo hazimo: hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa.)

Wiki hizo 10 hazikuwa za kunenepa tu. Wiki ya 24 uso wa ubongo bado ni karibu laini. Mikunjo mingi hujitokeza baadaye, na hata wiki ya 34 ubongo una takriban theluthi mbili tu ya uzito wa wiki ya 40. Njiti huimalizia kazi hiyo nje, kwenye mwanga, kelele na sindano.

Sehemu inayonihangaisha zaidi iko kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo. Kati ya wiki ya 23 na 32 kuna seli changa pale, zinazojiandaa kutengeneza utando wa mafuta wa kufunika nyuzi za fahamu. Oksijeni ikipungua au maambukizi yakiingia, ndizo huumia upesi. Nyuzi za miguu hupita jirani kabisa na vyumba hivyo, za mikono mbali kidogo. Ndiyo maana njiti aliyeumia hapo mara nyingi hukaza miguu, ikapishana kama mkasi, huku mikono ikishika kijiko vizuri. Aliyetimiza miezi akakosa hewa wakati wa kuzaliwa huumia kwingine, mara nyingi ndani zaidi, na mwili mzima unaweza kuathirika.

Je, utajuaje mapema kama ameumia? Wiki 12 hadi 16 baada ya tarehe ya makadirio ya kujifungua, mlaze chali akiwa macho, ametulia, usimchezeshe. Utaona vijimiondoko vidogovidogo vya shingo, viganja na vifundo, kila upande, haviishi. Daktari Heinz Prechtl ndiye aliyetujengea njia ya kuvisoma. Video ya simu ya dakika chache inatosha, hivyo mama wa Uvinza hana haja ya kupanda basi kwa hilo. Vikikosekana kabisa sisubiri picha ya MRI, naanza mazoezi.

Kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, mama, kiache dukani, kinamzoesha kusimamia vidole. Tandika kitenge sakafuni, umlaze kifudifudi akiwa macho, ukae naye.