Mradi wa Hisabati Mwaka wa Mwisho: Kwa Nini Profesa Amekukataa

Kila kipindi cha kugawa wasimamizi kinapofika, malalamiko ni yaleyale: profesa kamkataa mwanafunzi, profesa ana upendeleo. Kabla ya kuandika barua kwa mkuu wa idara, wanafunzi na wazazi wanaombwa kuelewa yafuatayo.

Hisabati si chumba kimoja. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha mada zake, toleo la 2020, una maeneo makuu 63. Nadharia ya namba ni 11, milinganyo tofautishi ya kawaida ni 34, modeli za biolojia zimo kwenye 92. Aliyebobea kwenye 11 akisimamia modeli ya ugonjwa atakusahihishia tahajia tu. Kosa lenyewe litampita, mtahini wa nje alikamate siku ya utetezi.

Ingia zbMATH, hifadhidata ya mtandaoni ya machapisho ya hisabati ambayo ni bure tangu 2021, andika jina la mhadhiri, kisha soma namba za uainishaji kwenye machapisho yake ya miaka mitano ya karibuni. Usitegemee mada ya shahada yake ya uzamivu, watu huhama. Ukienda kumwona, beba ukurasa mmoja wenye swali moja, tokeo la msingi utakalolisoma na lilikotoka, zana utakazotumia (Python, R au MATLAB) na kozi husika ulizofaulu. Kurasa kumi na tano za usuli wa tatizo hazisomwi. Na dodoso ambalo wengine huambatanisha ni la nini? Nadharia haithibitishwi kwa kuhoji watu hamsini.

Dhana nyingine potofu ni kwamba mradi lazima ugundue jipya. Nadharia tete ya Goldbach ya 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, imeshakaguliwa kwa kompyuta hadi 4×10¹⁸ na bado haina uthibitisho. Hutaimaliza kwa muhula mmoja. Kuandika njia mbili za kuikagua hadi milioni moja, kupima muda wa kila moja na kueleza tofauti inatoka wapi, huo ni mradi unaotosha.

Kwenye modeli za magonjwa, kinachoangusha wengi ni vizio vya muda, yaani siku au wiki. Chukua mafua ambayo mgonjwa huambukiza kwa siku tano: kasi ya kupona ni 0.2 kwa siku. Mwanafunzi anakadiria kasi ya maambukizi kutoka ripoti za wiki, anapata 3.5, anagawanya kwa 0.2, anaandika kwamba mgonjwa mmoja huambukiza watu 17.5. Lakini 3.5 kwa wiki ni 0.5 kwa siku, na jibu ni 2.5. Kwa kosa hilo, kiwango cha watu wanaotakiwa kuwa na kinga ili ugonjwa usienee kinapanda kutoka asilimia 60 hadi 94. Malaria usiiingize kwenye modeli hiyohiyo. Mbu wanahitaji milinganyo yao.

Kwa Tanzania, takwimu za wagonjwa zinahitaji kibali cha maadili, kwa kawaida kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya chuo inayotambulika, pamoja na ruhusa ya kituo. Kuondoa majina tu hakutoshi ikiwa umri, kijiji na tarehe bado vinamtambulisha mtu; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Omba mapema, au tumia takwimu zilizokwisha kuchapishwa.

Wizi wa kitaaluma hushughulikiwa kwa kanuni za mitihani za chuo husika: kurudisha kazi, kufuta alama, hadi kusimamishwa au kuondolewa masomoni. Programu ya kompyuta iliyonakiliwa nayo ni wizi. Uthibitisho ulioandikwa na akili unde hujulikana haraka, mtahini anapouliza kwa nini mstari wa nne unafuata wa tatu.

Tunza daftari la mikutano: tarehe, mlichokubaliana, sahihi mbili. Msimamizi asipojibu barua pepe mbili ndani ya wiki mbili, peleka nakala zake na daftari hilo kwa mratibu wa miradi, si kwenye kundi la WhatsApp. Bila maandishi, mratibu hana la kushughulikia.