Usiiguse Baada ya Saa Tatu Usiku

"Fundi, saa imegoma," aliniambia, akailaza juu ya kitambaa cha meza yangu kama anayemlaza mtoto mwenye homa.

"Umeigusa lini mara ya mwisho, kaka?"

"Jana usiku. Nilisafiri wiki nzima, nikarudi nikaikuta imesimama. Nikaitia ufunguo, nikaiweka kwenye majira, nikabonyeza tarehe."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa tano hivi."

Basi. Nilikuwa nimeshajua nitakachokikuta kabla ya kufungua kifuniko.

Nafanya kazi ya ufundi saa Dubai, na saa za kalenda ya kudumu zinapita mkononi mwangu mara nyingi kuliko ambavyo fundi wa kwetu angetarajia. Ni saa ya mitambo mitupu, haina betri wala chipu, lakini inajua kwamba Aprili ina siku 30, Februari ina 28, na kila baada ya miaka 4 Februari hiyo hiyo ina 29. Watu wanaileta wakidhani imechakaa. Mara nyingi haijachakaa hata kidogo. Ameiumiza mwenyewe, kwa kidole.

Ukitoa uso wa saa na kuweka lenzi jichoni, utaona kigurudumu ambacho ukingo wake una hatua 48, moja kwa kila mwezi wa miaka 4. Kinazunguka mara 1 tu kwa miaka hiyo 4. Miezi ya siku 31 ukingo wake umeachwa mzima, ya siku 30 imechongwa kidogo, na Februari imechongwa shimo. Mashimo ni manne: matatu ya kina kimoja, na la nne, la mwaka mrefu, ni la kina pungufu kwa kiasi cha unywele. Tofauti ya tarehe 28 na 29 yote iko kwenye huo unywele.

Juu ya ukingo huo kumeegemea mkono mmoja wenye mdomo kama wa ndege. Mdomo unapapasa ukingo. Ukikuta pazima, usiku wa manane mkono unasukuma gia ya tarehe, yenye meno 31, kwa jino 1. Ukitumbukia kwenye shimo la Februari, mkono unakuwa umerudi nyuma zaidi, kwa hiyo ukisukuma unapitisha 29, 30 na 31 kwa mpigo, unatua kwenye 1. Ndiyo siri yote. Kazi ni kuitengeneza ndani ya unene wa milimita chache. Mwaka 1978 kampuni ya saa ya Uswisi, Audemars Piguet, walitoa mtambo wa namna hii, unaojijaza wenyewe kwa kutikisika mkononi, wenye unene wa milimita 3.95, na hadi leo nikiushika napumua polepole.

Mkono huo hauamki saa sita kamili usiku. Unaanza kujivuta mapema, na kwa saa nyingi kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa tisa usiku meno yanakuwa yameumana. Ukibonyeza tarehe wakati huo, unalazimisha gia iende huku mkono umeishika. Kitu lazima kipinde. Kwa yule kaka ulipinda mdomo wa mkono.

Hapa niseme jambo la kwetu. Sisi tukisema saa tatu, mshale uko kwenye 9. Nimewahi kuona wazee wanaotega saa zao kwa Kiswahili hasa, mshale ukaonyesha 12 jua likizama. Ukiitega hivyo saa ya kalenda ya kudumu, tarehe itageuka magharibi, saa ile ile siku mpya inapoingia kwa hesabu ya Kiislamu. Na saa za hatari zitakuwa saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku, mshale na ulimi vikisema kitu kimoja. Sijamshauri mteja yeyote, ila saa yangu mwenyewe niliiacha hivyo mwezi mzima wa Ramadhani.

Yangu ni ya mtumba, siwezi kununua mpya kwa mshahara huu. Naivaa kila siku. Wengine huzifungia kwenye kisanduku cha umeme kinachozizungusha zisisimame; sivipendi sana, maana mtambo unasagika bila mtu kuufaidi. Ikisimama, isimame. Siku ya kuivaa unaanza kwa kupeleka mishale mbali na usiku, kisha unafuata kijitabu chake, kwa sababu kila saa ina mpangilio wake wa siku, tarehe, mwezi, mwaka mrefu na mwandamo. Ukipitiliza, nyingi hazirudi nyuma. Ile ya IWC, kampuni nyingine ya Uswisi, ya 1985 aliyoibuni Kurt Klaus, inayorekebishwa yote kwa kichwa cha kutilia ufunguo, ukiipeleka mbele siku 3 dawa yake ni kuiacha isimame, uungoje ulimwengu uifikie.

Na maji. Vile vitufe vidogo vya ubavuni, vya kubonyezea tarehe, ni matundu. Ukitawadha, ivue, hata kama mkanda si wa ngozi.

Kuhusu picha ya mwezi wa angani kwenye uso wake: kwenye saa nyingi inaendeshwa na gia ya meno 59, yaani siku 29 na nusu kwa kila mwandamo. Mwezi wa angani unazidi hapo kwa kama dakika 44, kwa hiyo baada ya miaka 2 na nusu na ushei saa inakosea siku nzima. Usifungulie swaumu kwa huo. Parmigiani Fleurier, nao wa Uswisi, wametengeneza saa ya mkononi inayofuata kalenda ya Hijria, mzunguko wa miaka 30 ambamo 11 ni mirefu, lakini hata hiyo inahesabu tu, haiuoni mwezi ukiandama.

Yule kaka alirudi kuichukua baada ya wiki kadhaa. Akaigeuza, akaisikiliza sikioni.

"Sasa hii haitaki kuguswa tena maisha?"

"Ikiwa inatembea, mpaka 2100. Mwaka huo kwa hesabu ya kalenda si mrefu, lakini saa haijui. Februari 28 ikiisha itaandika 29, wakati dunia iko Machi 1. Jumatatu."

"Mimi sitakuwepo, fundi."

"Mwachie mjukuu. Ila mwambie angoje kupambazuke ndiyo aibonyeze."