Maswali na majibu: Kirusi cha mafua hugeukaje kuwa kikali?

Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa kwa wingi Ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda. Upande wa Masaka, bata na kuku wa kufugwa nao walikufa. Vipimo vilionyesha mafua makali ya ndege, aina ya H5N8. Wafugaji bado wanauliza ukali huo hutoka wapi.

Kwa nini kirusi hiki hubadilika upesi?
Jeni zake ni RNA, yaani kemikali inayobeba maagizo ya kukijenga, katika vipande 8. Kikiingia kwenye seli hujinakili mara maelfu, na kimeng'enya (protini ya kufanya kazi) kinachonakili hakisahihishi makosa, kama karani anayeandika usiku kucha bila kurudia kusoma. Makosa mengi hukidhuru kirusi chenyewe. Machache hukipa nguvu, na hayo ndiyo husambaa.

Ni badiliko gani hasa huongeza ukali?
Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Juu ya kirusi kuna protini iitwayo hemaglutinini, ambayo hujishikiza kwenye seli. Ili kirusi kiweze kuingia, lazima protini hiyo ikatwe mahali fulani na kimeng'enya cha mwili wa kuku. Kwa aina zisizo kali, vimeng'enya hivyo vimo hasa kwenye njia ya hewa na utumbo, kwa hiyo ugonjwa huishia huko: kuku hukohoa kidogo, mayai hupungua, basi. Lakini kwa virusi vya jamii ya H5 (kama H5N8) na H7, mabadiliko ya jeni huweza kuongeza arginini na laisini kadhaa, ambazo ni punje za kujengea protini, pale pale pa kukatwa. Sasa furini, kimeng'enya kilichomo karibu kila kiungo, huweza kuikata. Kirusi hufika ubongoni, moyoni, kwenye figo. Banda lililokuwa zima Jumatatu laweza kujaa mizoga kabla ya Jumapili.

Na kwa binadamu?
Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41. Puani mwa mtu ni kama 33, ubaridi ambao kirusi cha ndege hakijauzoea. Badiliko moja katika protini ya PB2, sehemu ya kile kimeng'enya kinachonakili, kwenye nafasi ya 627, hukiwezesha kirusi cha ndege kujinakili vizuri ndani ya seli za mamalia, hata penye ubaridi huo. Hilo peke yake halitoshi kukieneza mtu kwa mtu.

Nguruwe huchangia?
Ndiyo. Virusi viwili vikikutana ndani ya nguruwe mmoja hubadilishana vipande vya jeni. H1N1, mafua ya nguruwe yaliyoenea duniani 2009, ilizuka hivyo. Kuku na nguruwe wasilale banda moja.

Kuku wangu wanakufa ghafla, jirani anasema ni kideri (Newcastle). Nifanyeje?
Usikubali upesi. Kideri na mafua makali hufanana: kichwa huvimba, upanga na ndevu hugeuka zambarau, kuku huharisha. Ni maabara tu inayoweza kutofautisha kwa uhakika. Mwite afisa mifugo wa wilaya. Usichinje kuku mgonjwa ili kuokoa nyama, na tafadhali sana usimpeleke soko la Kalerwe wala Owino. Kila kuku anayeambukizwa hukipa kirusi nafasi nyingine ya kubadilika. Usiguse mizoga kwa mikono mitupu. Aliyeigusa akipata homa au kikohozi ndani ya siku 10, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aligusa kuku waliokufa, ili sampuli yake ipelekwe taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, iliyoko Entebbe.