Nini maana ya kusalimu amri? Mfano wa Biafra, 1970

"Salimu" iliyo katika kusalimu amri si ile ya maamkizi. Ni salimu ya kukabidhi, tuliyoipata kutoka Kiarabu: anayesalimu amri anamkabidhi adui yake mamlaka ya kuamrisha. Kwa hiyo askari aliyetupa bunduki akakimbilia porini hajasalimu amri, amekimbia tu. Na pande mbili zikisitisha mapigano, hakuna aliyesalimu amri, maana kila upande bado unaongoza jeshi lake.

Ndiyo maana lazima awepo mtu mwenye amri ya kukabidhi. Biafra nusura imkose.

Jimbo la Mashariki la Nigeria lilijitangazia uhuru kwa jina hilo mwezi Mei 1967, na vita vikaanza Julai. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Kufikia Januari 1970 eneo lililobaki lilikuwa dogo, limezingirwa, na watoto walikuwa wakifa kwa njaa. Kiongozi wake, Ojukwu, akapanda ndege kwenda Côte d'Ivoire, akimwachia madaraka mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Philip Effiong.

Effiong angeweza kuondoka naye. Angeweza pia kuwaacha askari wapigane kila mmoja kivyake, jambo ambalo kwa raia ni baya kuliko vita vyenyewe. Tarehe 12 Januari alizungumza redioni: aliagiza majeshi yajiondoe vitani kwa utaratibu, akasema anatuma wajumbe kwa makamanda wa Nigeria, na akamwomba Jenerali Gowon, kiongozi wa Nigeria, kwa ajili ya ubinadamu, asimamishe majeshi yake. Siku tatu baadaye alikuwa Lagos, katika kambi ya Dodan, akitamka mbele ya Gowon kwamba Jamhuri ya Biafra haipo tena.

Kwangu mimi hilo lilihitaji ushujaa mkubwa. Hakuwa ameasisi Biafra, wala hakuwa Mwigbo, mtu wa kabila kubwa la Biafra. Alikuwa Mwibibio, mtu wa kabila dogo ndani ya nchi hiyo. Hata hivyo aibu ya kushindwa aliibeba yeye, ili watu wasiendelee kufa.

Tena aliibeba bila kujua atatendewa nini. Ukishakabidhi amri, usalama wa watu wako unabaki mikononi mwa aliyeipokea. Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, viongozi wa Biafra hawakufikishwa mahakamani kwa uhaini, na hakuna nishani zilizotolewa kwa ajili ya vita hivyo. Lakini kwenye benki mambo yalikuwa mengine: watu wa Biafra waliokwenda kudai akiba zao walilipwa pauni 20 tu, hata aliyekuwa na maelfu.