Mausi ya kuoshwa: yale watu wanayoamini, na ukweli wenyewe

Mi nashughulikia kompyuta kwenye maabara ndogo hapa Dar. Ukikaa pale mapokezi nusu saa tu utaona kila kitu: mtu anapokea kikopo cha mkojo, anabandika stika, anashika mausi, anaingiza jina la mgonjwa kwenye mfumo, anashika mausi tena, anapokea kikopo kingine. Glavu amevaa ndio, lakini glavu ile ile na mausi ile ile toka asubuhi. Meza inafutwa, kiti cha kutolea damu kinafutwa, sakafu inapigwa deki mara mbili kwa siku, mausi inarukwa kwasababu kila mtu amekua akiambiwa umeme na maji havikai pamoja. Na kuna vijidudu kama stafilokokasi ambavyo vinaweza kukaa hai kwenye plastiki kavu kwa siku kadhaa na hata miezi, kwahiyo ile mausi inayorukwa inabeba ya leo na ya wiki iliyopita pia.

Ndo maana niliwaomba mabosi mpaka wakakubali tununue za kuoshwa. Tangu zije nimesikia maneno mengi, mengine ya woga na mengine ya kujiamini kupita kiasi, na nayaandika hapa maana najua wapo wenzangu kwenye zahanati, kliniki za meno, viwanda vya samaki na intaneti kafe wenye maswali haya haya.

DHANA: "Ikiandikwa inaoshwa, tumbukiza yote mpaka waya"

Hii ndo imeua mausi nyingi kuliko zote. Dada mmoja wa usafi, mtu makini sana kwenye kazi yake, aliiloweka mausi yetu ya kwanza kwenye beseni pamoja na waya wote na plagi ya USB, kesho yake asubuhi haisomi. Mausi yenyewe ilikuwa nzima kabisa, plagi ndo imeota ukijani. Kosa halikuwa lake maana hakuna mtu alimwambia.

Ukweli ni kwamba kinachozibwa ni kiwiliwili cha mausi, na kwenye nyingi waya unapoingilia pia umezibwa, ila plagi ni chuma tupu kilicho wazi. Kuna mausi zinakuja na kikofia cha mpira cha kuvalisha plagi kabla ya kuosha, kama yako inacho tafadhali usikitupe. Kama haina, plagi ibaki nje ya beseni, kavu, ning'iniza hata begani. Hata Logitech walipotoa kibodi yao ya kuoshwa K310 mwaka 2012, walisema unaweza kuizamisha kwenye maji ya kina cha sentimita 28 hivi lakini waya wa USB usizame. Ile kibodi ina vitobo nyuma vya kutolea maji, yani maji yanaruhusiwa kupita ndani sehemu walizopanga wao, halafu unaisubiri ikauke. Mausi za hospitali kama za Seal Shield au Man & Machine, wote wa Marekani, zinafuata njia nyingine, zimefungwa kabisa maji yasiingie. Kwahiyo "inaoshwa" ni neno lenye maana zaidi ya moja na lazima usome karatasi iliyo ndani ya boksi, wala usitumie uzoefu wa ile ya jirani.

DHANA: "IP68 maana yake hakuna maji yanayoweza kuingia"

Hapa nitakaa kidogo maana wauzaji wanapenda sana kuitaja hii namba na wateja hawaulizi. IP ni alama za kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni vumbi na vitu vigumu, 6 ndo ya juu, vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni maji. 5 ni maji ya kumwagiwa na mpira wa bomba kiasi cha lita 12.5 kwa dakika, 6 ni mpira wa bomba wenye nguvu wa lita 100 kwa dakika, 7 ni kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kuzamishwa kuzidi hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe, kwahiyo 8 ya huyu na 8 ya yule si lazima zilingane. Ukiona X, mfano IPX7, maana yake hiyo tarakimu nyingine haikutajwa.

Sasa sikiliza, kuzama na kupigwa na mpira ni majaribio mawili tofauti. Kifaa chenye 7 au 8 peke yake hakijathibitishwa kuhimili mpira wa presha. Ndo maana vile vilivyopimwa njia zote mbili vinaandikwa zote mbili, kwa mfano IP66/IP68. Kama unataka kuipitishia mpira kule kiwandani pamoja na meza za kukatia samaki, tafuta hiyo 6 kwenye tarakimu ya pili. Na majaribio haya yanafanywa kwa maji safi ya kawaida, kifaa kikiwa kipya. Sabuni inalegeza ule mvutano wa juu wa maji ndo maana maji ya sabuni yanapenya kwenye upenyo mdogo ambao maji matupu yangegoma. Maji ya moto nayo yanatanua plastiki na mpira kwa viwango tofauti. Na mausi iliyodondoka mara kumi sakafuni, au mpira wake umechanika kidogo pembeni, ile namba kwenye boksi haiihusu tena. Kila wiki mi nazipapasa kwa kidole kutafuta mchaniko, inachukua sekunde chache tu.

Alafu kuna hizi zilizoandikwa tu "inazuia maji" bila namba yoyote. Hiyo wala usiioshe, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

DHANA: "Ikiwa imechomekwa utapigwa shoti"

Hapana. USB ya mausi inatoa volti 5, haikufanyi kitu. Lakini ichomoe, kwanza kwasababu umeme na unyevu vikikutana kwenye zile pini kutu inakimbia, na pili ukiisugua ikiwa imechomekwa unakuwa unabofya vitu kwenye skrini bila kujua. Mi nimekuta faili la mgonjwa limefunguliwa na tarehe imebadilishwa kwasababu mtu alikuwa anafuta mausi. Kwenye maabara hilo ni jambo zito sana.

DHANA: "Jiki ikiwa kali ndo inaua vizuri"

Hii inaniumiza kwasababu watu wanafanya kwa nia njema. Jiki za huku nyingi zimeandikwa klorini asilimia 3.5, soma chupa yako. Kwa damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika watu wa maabara wanatumia asilimia 0.5, yani kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji. Kwa usafi wa kawaida wa vitu vinavyoshikwashikwa, WHO wakati wa korona walisema asilimia 0.1 inatosha, hiyo ni kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji. Ukimwaga jiki tupu huongezi chochote, unakula mpira na kuleta kutu, na yule anayeosha anavuta ile harufu kifuani kila siku.

Na klorini inaishiwa nguvu ikikutana na uchafu, iwe jasho, mafuta ya mikono au damu. Kwahiyo sabuni kwanza, suuza, ndo dawa. Ukianza na dawa juu ya uchafu umefanya kazi bure. Halafu dawa inatakiwa ibaki imelowa juu ya kifaa, WHO walisema angalau dakika moja, au muda ulioandikwa kwenye chupa ukiwa mrefu zaidi. Watu wengi wanapangusa na kukausha palepale. Mwisho suuza kwa maji matupu maana klorini inaacha chumvi. Na jamani, jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala amonia, inatoa gesi ya sumu, na vyumba vyetu vya kuoshea vifaa vingi havina hata dirisha.

Spiriti je? Ya asilimia 70 ni nzuri kuliko ya 95, watu wanabisha lakini ndivyo ilivyo, yale maji kidogo yaliyomo yanaisaidia spiriti kuharibu protini za vijidudu na pia inachelewa kukauka. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isikaribie kabisa, inayeyusha ABS, ile plastiki ngumu ya mausi nyingi. Petroli pia hapana. Na ile jeli ya kusafishia mikono imewekewa vilainisho kama gliserini ili ngozi isikauke, ukiipaka kwenye mausi inabaki inanata na kukusanya vumbi.

DHANA: "Yetu imewekwa dawa ya kuua bakteria ndani ya plastiki, haihitaji kuoshwa"

Zipo kweli, nyingi zinatumia ayoni za fedha, ile fedha ya vito. Lakini ile dawa imewekwa kuilinda plastiki yenyewe isioze, isinuke, isiote ukungu. Kule Marekani mamlaka yao ya mazingira, EPA, hairuhusu bidhaa ya namna hiyo kudai inakinga afya ya mtumiaji bila kusajiliwa kwa hilo. Na uchafu ukishatanda juu, bakteria wanakaa juu ya uchafu, ile plastiki yenye dawa hawaigusi hata. Osha tu.

DHANA: "Ni mbovu, haina hata gurudumu la kuskrolia"

Gurudumu ni shimo. Kila kinachozunguka kinahitaji uwazi wa kuzungukia na maji yanapita hapohapo, kwahiyo watengenezaji wengi wameweka vibonyezo viwili vya juu na chini, au sehemu ya kugusa. Kubofya nako ni kugumu kidogo kwasababu unabofya kupitia mpira. Kwa mtu wa grafiki au magemu kweli itamchosha. Kwa kuingiza majibu ya malaria na typhoid inatosha kabisa, na baada ya wiki moja hakuna aliyelalamika tena.

Kuna wanaoniambia mbona tunaweza kufunika mausi ya kawaida kwa nailoni. Inawezekana, kliniki za meno zinafanya hivyo na ni njia inayokubalika, ila ile nailoni inabadilishwa kila mgonjwa. Niliyoiona mimi sehemu nyingi imekaa mwezi mzima, imekunjamana, uchafu umejaa kwenye mikunjo.

DHANA: "Imeoshwa, sasa mshale unaruka ruka, imeharibika"

Mara nyingi haijaharibika. Chini ya mausi kuna kidirisha cha taa, sensa inapiga picha za meza kupitia hapo, tone moja la maji linatosha kuutawanya mwanga. Geuza, futa kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, futa na meza pia. Sisi wa ukanda wa pwani tuna tatizo la ziada, maji ya visima ni ya chumvi, yakikauka yanaacha ukungu mweupe pale pale kwenye kidirisha. Mi suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya kunywa, nusu glasi tu, tatizo likaisha. Kuanika juani usithubutu, ABS inageuka njano na kukakamaa. Kivulini, imegeuzwa mgongo chini.

Za wayalesi zinaoshwa pia zikiandikwa hivyo, lakini kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta hakioshwi, na kabla hujaitia kwenye maji angalia mpira unaozunguka kifuniko cha betri. Unywele mmoja ukikaa pale kifuniko hakizibi.

Sasa hivi kwetu kuna mausi mbili kwa kila kompyuta. Zamu ya asubuhi ikiisha saa nane, mausi ya asubuhi inaenda kwenye beseni na kavu inachomekwa, jioni hivyo hivyo. Karatasi ya kusaini imebandikwa pembeni ya sinki. Yule dada wa usafi ndo anaifundisha zamu mpya, anaanza na plagi.