"Tundu Nne Zimeingia" Si Kipimo cha Rimu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliegesha Vitz nyeupe mbele ya gereji yetu hapa Dar es Salaam, akashuka uso umemkunjamana. "Shikamoo fundi. Stelingi inatetemeka nikifika 90. Nimebalansi mara tatu, bado." Kabla hajamaliza nilishaziona rimu: spoti nyeusi za inchi 15, matundu manane kila moja. Nikamuuliza kama kuna mtu alipima tundu la kati siku anazifunga. Akanijibu, "La nini tena fundi? Tundu nne kwa nne, ziliingia zenyewe."

Jibu hilo nalisikia karibu kila wiki. Nalisikia kwa vijana, kwa wazee wenye magari yao miaka yote, na kinachoniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu. Leo naliandikia.

Dhana: Tundu zikiingia, rimu imekaa

Haijakaa. Rimu ina vipimo vitano vinavyotakiwa kukubaliana na gari: duara la matundu, tundu la kati, ofseti, upana, na umbo la kiti cha nati, yaani pale nati inapokalia kwenye rimu. Vinne vikikubali na kimoja kikakataa, rimu hiyo si ya gari lako, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Duara la matundu ndilo watu wanalolijua, lile linaloitwa PCD. Vitz, IST, Passo, Fit, Demio na March ni 4x100, maana yake nati nne kwenye duara la milimita 100. Tiida nayo ina nati nne, lakini ni 4x114.3. Kwa nati nne unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo, kazi ya nusu dakika. Zile rimu za matundu manane zimetobolewa seti mbili, ya 100 na ya 114.3, ili ziuzike kwa watu wengi. Nimeletewa pia rimu ambazo mtu alizitanua matundu kwa drili ili ziingie kwenye stadi, zile bolti za gari zinazoshika nati. Hizo sizifungi, na nimeshagombana na wateja kwa sababu hiyo. Tundu lililotanuliwa halina tena kiti cha nati, na nati isiyo na kiti itafunguka tu, swali ni itafungukia wapi.

Sasa tundu la kati, ambalo kijana wangu aliuliza ni la nini. Nilipiga jeki, nikatoa nati zote, nikairudisha rimu kwenye stadi bila kuikaza, nikamwambia aishike aitikise. Ilishuka mpaka stadi zikaidaka, ukaonekana mwanya mweusi chini ya habu, kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu la kati, unaingiza kidole. Nikapitisha kalipa, kifaa cha kupimia milimita. Habu ya Vitz ni milimita 54.1. Tundu la rimu yake lilikuwa 73.1. Gari limelala ndani ya tundu lenye nafasi ya milimita 19 zaidi, na hakuna kitu kinachoiweka rimu katikati isipokuwa nati.

Nati za koni zinaweza kuiweka rimu katikati, sibishi. Lakini ni pale tairi likiwa juu ya jeki, nati zikizungushwa kwanza kwa mkono, kisha zikakazwa kwa kupishana kidogo kidogo. Fundi tairi anayeshusha gari chini, akachukua bunduki ya upepo na kuipiga nati ya kwanza mpaka mwisho, ameshaivuta rimu upande mmoja. Nati tatu zinazofuata zinakuja kukaza kosa. Hata chini ya milimita moja inatosha. Tairi la Vitz lina mzingo wa kama mita 1.84, kwa hiyo kwenye spidi 100 linazunguka mara 15 kila sekunde. Mara 15 kwa sekunde gari linanyanyuliwa na kushushwa, na mikono yako inayapokea yote kwenye stelingi.

Na hapo ndipo mashine ya balansi inapokudanganya. Mashine inaishika rimu kwa koni kupitia tundu la kati, kwa hiyo juu ya mashine rimu iko katikati kabisa na inasoma sifuri. Ukiirudisha kwenye gari haiko katikati tena. Kijana alilipia balansi mara tatu kwa tatizo ambalo mashine haiwezi kuliona. Akaambiwa huenda ni boljointi, akabadilisha boljointi. Akaambiwa ni shokapu. Alikuwa anajiandaa kununua shokapu.

Dawa yake ni pete za habu, nje 73.1, ndani 54.1. Pete nne za plastiki ngumu, bei yake ndogo ukilinganisha na boljointi moja. Watu wananiuliza, plastiki itabeba gari? Haibebi. Uzito wa gari unabebwa na msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu pale nati zinapovibana pamoja. Pete kazi yake ni kushika katikati mpaka nati zikaze. Nilisafisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, nikavisha pete, rimu ikaingia kwa kusukumwa na kiganja, tuki, haichezi. Tukatoka naye barabara ya Morogoro mpaka Kibaha, stelingi imetulia kama maji ya mtungi.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Rimu orijino za Vitz zina tundu la 54.1, habu ya Honda Fit ni 56.1. Zote 4x100. Ukilazimisha, rimu inagota kwenye mdomo wa habu na uso hauegemei. Nimemuona mtu amechukua grenda akala hizo milimita mbili kwa macho. Shimo lililoliwa kwa grenda si duara tena. Kama huna mashine ya kukereza, tafuta rimu nyingine. Fit ukiipa rimu ya March yenye tundu la 60.1 na pete yake, inakaa vizuri. Demio na Vitz zinaazimana bila pete, zote 54.1. Hizi namba tatu, 54.1, 56.1 na 60.1, naomba uziandike kwenye simu yako sasa hivi.

Tuje kwenye ofseti, kipimo kinachokula madigadi za watu. Geuza rimu, nyuma ya mkono wake mmoja utaona ET na namba. Ni umbali wa milimita kutoka uso unaogusa habu hadi katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa ndogo, rimu inatokeza nje. Ikiwa kubwa, inaingia ndani kuelekea shokapu. Upana unasomwa pamoja nayo, usisome moja ukaacha nyingine. Chukua rimu ya 5.5J ET45 (upana inchi 5.5, ofseti 45), ya kawaida kwa gari dogo. Mtu anakuletea 7J ET35 kwa sababu "tofauti ni kumi tu". Inchi moja na nusu ya upana ni milimita 38. Nusu yake, 19, inakwenda nje, ongeza na zile 10 za ofseti: rimu imetoka nje milimita 29. Ndani imesogea 9. Huyo mtu akipakia abiria wanne na mizigo, akapita tuta, tairi linakwangua madigadi ukisikia kabisa, na beringi ya habu imeanza kubeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko iliotengenezewa.

Upana wa 6J na ET kati ya 38 na 45 kwa Vitz, IST na Passo haujawahi kuniletea shida. Ukiniletea kitu nje ya hapo nitakipima kwanza, na wewe utasubiri.

Kipimo cha mwisho ni nati yenyewe, na hapa ndipo watu wanapoweza kufa. Rimu orijino nyingi za alumini za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za spoti za dukani karibu zote zinataka koni ya digrii 60. Honda orijino wanatumia nati ya duara kama nusu ya gololi. Ukifunga rimu za spoti kwenye Fit kwa nati zake za zamani, nati inagusa kwa mstari mwembamba tu, inaonekana imekaza, na baada ya safari mbili imelegea. Kuna na meno ya stadi, yaani unene wa stadi kwa umbali wa jino hadi jino kwa milimita: Toyota, Honda na Mazda ni 12 kwa 1.5, Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan kwenye stadi ya Toyota inaingia mizunguko kadhaa kisha inakuwa ngumu. Ugumu huo si kukaza, ni meno yanakatika.

Zungusha nati kwa mkono, hesabu. Kwa stadi ya 12 kwa 1.5 nataka mizunguko minane kamili kabla haijagota. Chini ya hapo stadi ni fupi kwa rimu hiyo. Kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni-mita 103 kwa hizi Toyota ndogo, na urudi kukaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Bunduki ya upepo ni ya kufungulia.

Dhana: Rimu kubwa inafanya gari litulie barabarani

Kinachotakiwa kubaki vilevile ni urefu wa tairi zima, siyo rimu. Vitz ya tairi 165/70R14 (upana milimita 165, ukuta asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 14) ina tairi lenye kipenyo cha milimita 587. Ukipanda rimu ya 15, 185/55R15 inakupa 585, hapo tunaelewana. Lakini watu wanafunga 195/65R15 kwa sababu ndiyo iliyoko dukani, nayo ni 635, imezidi kwa asilimia 8. Pale ulipokuwa unakwenda 50 sasa unakwenda 54 na mshale haujasogea, na tochi ya trafiki inasoma gari, haisomi mshale. Injini ya cc 1000 nayo inaanza kulia mlimani.

Ukipanda hadi 16 kwa 195/45, kipenyo kinarudi sawa, ila ukuta wa tairi unashuka kutoka milimita 115 hadi 88. Kwa mashimo ya barabara zetu za mitaani, milimita hizo 27 zilizopotea ndizo zilizokuwa zinaokoa rimu isipinde. Ushauri wangu kwa gari dogo ni 14, ukitaka urembo sana 15, na sijawahi kuubadilisha.

Dhana: Ofseti ikikataa, weka spesa

Spesa ya bapa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kuitoa nje, inaufunika mdomo wa habu, kwa hiyo ile kazi yote ya pete imekwenda, na inakula urefu wa stadi, kwa hiyo ile mizunguko minane ya nati haifiki. Rudisha rimu dukani.

Dhana: Mtumba wa Japani ni orijino, haina haja ya kukagua

Orijino ilikuwa, kabla haijagongwa. Muombe muuzaji aizungushe kwenye mashine bila tairi, uangalie ukingo wa ndani, siyo wa nje unaong'aa. Pitisha kidole upande wa ndani kutafuta alama za kuchomelea. Rimu ya alumini iliyochomelewa usiinunue hata kwa bei ya chuma chakavu. Na tairi lililokuja nalo, soma namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri kwenye tairi la miaka kumi haina maana, mpira umeshakauka.

Dhana: Upepo ni ule ulioandikwa kwenye tairi

Ule ni wa juu kabisa tairi linaoweza kuhimili. Wa gari lako uko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, kwa magari ya Japani imeandikwa kwa kilopaskali. 230 ni PSI 33. Wajazaji wanaokujazia 45 wakisema barabara mbaya wanakuharibia tairi katikati na kukupunguzia breki kwenye mvua.

Dhana: Spea ile nyembamba inatosha mpaka nifike

Ile yenye herufi T mwanzoni mwa namba zake ni ya kukufikisha kwa fundi, mwisho spidi 80, na inataka kilopaskali 420, yaani PSI 60. Nyingi ninazozikuta ziko chini ya 20 kwa sababu hakuna aliyewahi kuzijaza. Na kama ulibadilisha nati ukafunga za koni ndefu za rimu za spoti, jaribu leo, nyumbani, kama zinakaa vizuri kwenye hiyo spea. Kama hazikai, weka nati nne za zamani kwenye mfuko mmoja na jeki.